Kilo Ngapi Zinatosha? Mjadala wa Kitimoto cha Jumapili

Swali hili huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshashika kikapu: "Ninunue kilo ngapi?" Kila nyumba inayokula nguruwe imewahi kulijibu, na mara nyingi imelijibu kwa kukisia. Anayetumwa bucha hutaja namba inayolingana na fedha aliyonayo. Nyama hupikwa, ikaisha watu wakiwa bado wanatazama sufuria, au ikabaki na kuharibika. Jumapili inayofuata wanakisia tena.

Naamini swali hili lina jibu, na jibu lenyewe si dogo. Ndani yake mna bei, afya, heshima ya mgeni na haki ya mtoto. Ndiyo maana nimeliweka mbele ya watu wa nyumba moja jijini Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini ambako ufugaji wa nguruwe umeshamiri. Watu hawa nimewaunda mwenyewe, lakini hoja zao ni zile ninazozisikia buchani, jikoni na mezani. Wengine humwita mnyama huyu mdudu, wengine mbuzi katoliki. Hapa nyama yake tutaiita kitimoto, jina linaloeleweka kila kona ya nchi.

Mezani watakuwa watu kumi. Yupo Bibi, mwenye nyumba. Yupo Mama, bintiye, pamoja na mumewe Baba. Mjomba, kaka wa Mama, amefika jana kutoka Dar es Salaam na mkewe, ambaye Mama humwita wifi. Binti, mtoto wa kwanza wa Mama, ni muuguzi. Kuna kijana wa miaka 16 na watoto watatu wadogo, mkubwa wao ana miaka 9. Chakula ni wali wa mchele wa Kyela, ndizi za kukaanga, maharage, mboga za majani na kachumbari. Mwenye bucha wa Mwanjelwa nimemwomba aje naye, kwa kuwa mizani ni yake.

MJOMBA: Dada, mimi nasema kilo nne na tusibishane. Mwaka mzima hatujaonana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Leo mgeni ni mimi, na fedha natoa mimi. Nyama ikipungua mezani watu huanza kutazamana, na sitaki jambo hilo litokee mbele ya mama yetu. Ibaki, isipungue. Akiba haiozi.

MAMA: Kaka, ukarimu wako naujua tangu utotoni na ninakushukuru. Lakini wewe unahesabu mlo mmoja, mimi nahesabu milo 21 ya wiki. Kilo mbili zinatosha. Fedha ya zile mbili nyingine itatupa maharage, mafuta ya kupikia na mayai ya watoto mpaka Jumapili ijayo. Ukiondoka Jumatatu, jiko linabaki na mimi.

MJOMBA: Kilo mbili kwa watu kumi ni gramu 200 kila mmoja! Kule Dar mtu anaagiza nusu kilo yake peke yake, anawekewa ndizi, pilipili na ndimu, na sahani inarudi tupu.

MWENYE BUCHA: Hapo niingie, mzee, maana nusu kilo hiyo naifahamu. Ile nusu hupimwa ikiwa mbichi na mfupa wake. Nyama ya mchanganyiko, yaani paja, bega na mbavu, karibu sehemu moja kwa tano ni mfupa. Kwa hiyo gramu 500 zinabaki 400. Ukizikaanga zikauka, maji na mafuta yanatoka, unapoteza robo yake au zaidi. Kinachofika kwenye sahani ni gramu 280 au 300. Hukula nusu kilo, umelipia nusu kilo.

MJOMBA: Sasa hoja yako inanipa nguvu mimi! Kama nyama inapungua hivyo, ndiyo sababu ya kununua nyingi.

MWENYE BUCHA: Ni sababu ya kujua unachonunua. Ukisema "nipimie steki", yaani nyama tupu, kilo moja na nusu itakupa sahani iliyo karibu sawa na kilo mbili za mchanganyiko. Ukitaka mbavu tupu, mfupa unaweza kuchukua karibu theluthi, hapo lazima uongeze. Bei ya steki iko juu, ya mchanganyiko iko chini. Mteja analinganisha bei ya kilo na kilo, wakati alipaswa kulinganisha nyama na nyama. Tena aangalie mizani kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, maana hesabu nzuri juu ya mizani mbovu ni hasara tu.

BIBI: Mnasema kilo, gramu, theluthi. Mimi sikupika kwa kilo. Nilipika kwa finyango. Nyama ikishakatwa unazihesabu, kisha unahesabu watu. Wewe wa bucha, kilo moja inatoa finyango ngapi?

MWENYE BUCHA: Tukikata za ukubwa wa kawaida, za gramu hamsini hivi, kilo inatoa finyango 20.

BIBI: Basi kilo mbili ni 40. Wakubwa tano tano, wadogo tatu tatu. Hesabuni.

BINTI: Bibi, watu wazima ni sita na kijana ni wa saba, hao ni finyango 35. Watoto watatu ni 9. Jumla 44. Zinapungua nne.

WIFI: Hazipungui. Mimi ni Msabato, sili nguruwe. Kila mara nikija huku nahesabiwa, halafu fungu langu linabaki bila mwenyewe na watu wanaona haya kulichukua. Nitoeni kwenye hesabu, mama, wala msione vibaya.

BIBI: Mwanangu, kukutoa kwenye hesabu ya chakula ndani ya nyumba yangu? Haiwezekani.

WIFI: Mama, nitoe kwenye hesabu ya kitimoto tu. Nikipata maharage na mayai yaliyopikwa kwenye sufuria nyingine, kwa mwiko mwingine na mafuta mengine, nimekula vizuri kuliko aliyewekewa finyango tano. Hata jirani Mwislamu akialikwa anataka hivyo hivyo: sufuria yake, kisu chake, karai lake. Wenyeji wengi huhesabu wageni wote, wananunua nyama ya watu wote, kisha kwenye sahani ya asiyekula wanaweka wali na mboga iliyokaangwa kwa mafuta yaleyale ya nguruwe. Hapo wamepoteza fedha, na mgeni wamemkosea.

MAMA: Wifi amesema jambo kubwa. Tunahesabu watu wakati tunapaswa kuhesabu walaji. Sasa wakubwa wanaokula ni sita, kijana akiwemo. Sita mara tano ni 30. Watoto 9. Jumla 39, na inabaki moja.

BIBI: Hiyo ni ya mpishi kuonjea chumvi. Nilisema.

MJOMBA: Mama, hesabu yako nzuri. Lakini bado naona ubahili. Tulipokuwa wadogo nyama ilikuwa ya Krismasi na Pasaka. Mimi nimetoka, nimefanya kazi, nimepata. Nataka watoto wa dada yangu wale mpaka waseme basi. Je, hilo ni kosa?

BINTI: Si kosa, mjomba, na sina maneno ya kukufundisha. Niruhusu nikuulize kama muuguzi: kilo nne tutazipika wapi?

MJOMBA: Kwenye karai.

BINTI: Karai letu ni moja. Ukijaza kilo nne kwa pamoja, nyama inatoa maji, haikaangiki, inachemka kwenye maji yake. Nje inabadilika rangi upesi, wageni wanauliza kama tayari, mpishi anaona haya na kuipakua. Ndani ya finyango nene kunabaki wekundu. Nyama ya nguruwe haitaki haraka hiyo.

BIBI: Ni kweli, nguruwe lazima aive. Tuliambiwa asipoiva analeta kifafa.

BINTI: Bibi, hapo pana sehemu ya kweli na sehemu ya kurekebisha. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata mabuu ya tegu. Ukikata nyama yake unaweza kuona vilengelenge vyeupe mfano wa punje za mchele. Ukila nyama hiyo bila kuiva, unapata mnyoo tegu tumboni. Kifafa kinakuja kwa njia nyingine: mayai ya tegu yanatoka kwenye choo cha mtu huyo, yanashika mikononi, majini au kwenye mboga, na mtu akiyameza, mabuu yanaweza kufika mpaka kwenye ubongo. Hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali palipo na ugonjwa huu kwa wingi, yapata asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa sababu ya tegu huyu. Kwa hiyo kinga ni tatu: nguruwe afungiwe bandani, nyama ikaguliwe na kuiva, na sisi tutumie choo na kunawa mikono.

BIBI: Na sisi tulikuwa tukisema mtoto wa fulani amerogwa. Mungu atusamehe.

MWENYE BUCHA: Ndiyo maana ninawaambia wateja watafute mhuri. Nyama iliyopita kwa mkaguzi ina mhuri kwenye ngozi au kwenye paja. Kuna nyama ya uchochoroni inayouzwa rahisi, na urahisi wake ndio unaowafanya watu wanunue kilo nne badala ya mbili. Ikisikika homa ya nguruwe imeingia mahali, utaona nyama inashuka bei ghafla, kwa kuwa wafugaji wanakimbilia kuchinja kabla nguruwe hawajafa. Homa hiyo haimwambukizi binadamu, lakini nyama inayochinjwa usiku kwa hofu haipiti kwa mkaguzi, na inasafirisha ugonjwa mpaka banda la jirani. Bei ikishuka bila sababu, usiongeze kilo. Uliza kwanza.

MJOMBA: Haya, basi tupike mara mbili. Kilo mbili mchana, mbili zibaki za usiku na kesho. Nilisema akiba haiozi.

BINTI: Akiba ya fedha haiozi, mjomba. Ya nyama inaoza. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Sisi tunakula saa nane mchana, tunazungumza mpaka saa kumi na mbili, sufuria iko pale mezani imefunikwa kwa sahani. Aliye na jokofu na umeme wa uhakika anaweza kugawa nyama mbichi mafungu mawili akagandisha moja. Jokofu letu umeme ukikatika linakuwa kabati. Nyumba isiyo na mahali pa kuhifadhi inunue nyama ya mlo mmoja.

MAMA: Tena kuna namna ya kupika. Kaka unafikiria kitimoto kikavu cha kule mnakokaa na wenzako. Kikavu kinaliwa haraka, mkono unarudi kwenye sahani bila kujua. Mimi nikipika rosti, nikaweka nyanya, vitunguu, karoti na hoho, mchuzi ukawa mzito, nyama ileile inakwenda mbali. Wali wa Kyela unataka mchuzi. Halafu mafuta ya nguruwe yanayotoka kwenye karai nayakaangia ndizi. Zile ndizi zenyewe zinashibisha.

MJOMBA: Dada, watoto hawashibi mchuzi.

BINTI: Umenena, mjomba, na hapa niko upande wako. Watoto wanahitaji nyama kuliko sisi. Nyama inawapa protini, madini ya chuma na zinki, vitu ambavyo wali na ugali havitoi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, na Iringa ilipita nusu. Tazameni ni mikoa gani hiyo: mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu, yenye mahindi, viazi, maharage na mifugo. Chakula kimejaa shambani, lakini sahani ya mtoto ina ugali na mchuzi. Swali langu ni hili: hizo kilo nne zikija, mtoto wa miaka 4 atapata finyango ngapi?

BABA: Shemeji, nilikuwa nimenyamaza, lakini swali hilo ni langu. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, napita mahali pa kitimoto na rafiki yangu. Tunaagiza kilo, tunakula wawili. Nikifika nyumbani nimeshiba, namwambia mke wangu asinitengee chakula. Nilijiona namsaidia. Sijawahi kuuliza watoto walikula nini usiku ule. Nikijumlisha, mimi peke yangu nakula kilo nzima ya nyama mbichi kwa mwezi nje ya nyumba. Hapa nyumbani tunabishania kama watoto wapate robo.

MAMA: Baba watoto, mimi nilikuwa najua. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka tugombane juu ya chakula.

BABA: Ulinyamaza vya kutosha. Ijumaa moja katika hizo mbili fedha yake iwe yako, ije kwenye kikapu hiki.

BIBI: Acheni niseme langu. Mimi nilipokuwa mwali, nyama ya sikukuu ilipakuliwa kwa wanaume kwanza, kisha wageni, kisha wazee. Sisi wanawake tulipata shingo na mifupa. Watoto walipewa mchuzi na kuambiwa nyama nyingi inaleta minyoo. Nguruwe mzima alichinjwa, nyama iko debe kwa debe, na mtoto wangu alilala amekula mchuzi. Kwa hiyo mjomba wao akisema kilo nne zitawafikia watoto, namwambia mwanangu hapana. Kilo haijigawi. Unaogawa ni mkono ulioshika upawa.

MJOMBA: Mama, hilo limenigusa. Nakumbuka mchuzi huo. Ndio ulionifanya niseme kilo nne.

BIBI: Najua. Uliona njaa ukiwa mtoto, ukadhani dawa yake ni wingi. Dawa yake ilikuwa mpakuaji.

BINTI: Na wingi nao una mpaka wake kwa sisi wakubwa. Wataalamu wa Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani wanashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Nguruwe yumo humo. Weupe wake akiiva haumtoi kwenye kundi la nyama nyekundu. Kwa kilo mbili, kila mtu mzima hapa atapata kama gramu 150 zilizopikwa, na nafasi ya wiki inabaki. Kwa kilo nne atapata gramu 300, amemaliza zaidi ya nusu ya kiwango cha juu kabisa kwa mlo mmoja. Bibi ana shinikizo la damu. Baba ana Ijumaa zake.

MJOMBA: Sasa nisikilizeni. Kilo nne naziacha. Lakini na mimi nipewe kitu. Siku ya leo si Jumapili ya kawaida. Tuongeze kidogo, mtu akitaka finyango ya sita aipate bila kumwomba mtoto.

MAMA: Nusu kilo, kaka. Kilo mbili na nusu. Na zile finyango kumi za ziada hazipakuliwi mpaka kila mtoto awe amekula zake.

MJOMBA: Nimekubali. Na fedha ya kilo moja na nusu iliyobaki usinirudishie. Nunua mayai na maharage. Ya mke wangu yawe ya kwanza.

MWENYE BUCHA: Nikate mchanganyiko au steki?

BIBI: Mchanganyiko. Mfupa unatia ladha kwenye mchuzi. Ila kata finyango zilingane. Ukikata kubwa na ndogo, kubwa zinajua zinakokwenda.

Mjadala wao ukaishia hapo. Sasa ni zamu yangu kutoa uamuzi, na nautoa kwa msomaji anayekwenda bucha wiki hii.

Kwanza, hesabu walaji, si watu. Asiyekula nguruwe kwa imani yake ana haki ya chakula kamili kilichopikwa kwenye chombo chake, na fedha yake itengwe mapema. Kumwekea fungu asilolila ni hasara, na kumpikia kwenye mafuta ya nguruwe ni dhuluma.

Pili, kwa nyama ya mchanganyiko yenye mfupa, pima robo kilo mbichi kwa kila mtu mzima au kijana, na nusu ya robo hiyo kwa mtoto mdogo. Kwa steki, gramu 200 zinatosha. Kwa mbavu tupu, weka gramu 300. Ukipika mchuzi mzito wenye mboga nyingi, hata gramu 200 zenye mfupa zitamtosha mtu. Walaji wa nyumba hii walikuwa wakubwa sita na watoto watatu: kilo moja na nusu kwa wakubwa, gramu 375 kwa watoto, jumla karibu kilo mbili. Bibi alilipata jibu hilohilo kwa finyango zake kabla sisi hatujamaliza kuzidisha. Siku ya sherehe ongeza robo ya jumla, usiizidishe mara mbili.

Tatu, kilo moja iliyokaguliwa ni bora kuliko kilo mbili za uchochoroni. Angalia mhuri, angalia mizani, pika mpaka wekundu uishe ndani ya finyango nene kuliko zote, na usijaze karai kupita uwezo wake.

Nne, na hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo: nyama haipimwi kwa macho ya anayelipa wala kwa njaa ya mkubwa aliyepo. Inapimwa kwa sahani ya mtoto wa mwisho. Kama kilo mbili zinamfikia, zimetosha. Kama kilo nne zinaishia kwa wakubwa na yeye analamba mchuzi, nyama imepungua, hata kama sufuria imebaki na mabaki. Wataalamu wa lishe watatuletea takwimu mwaka hadi mwaka, serikali itaandika mipango, lakini udumavu wa mtoto wa Iringa au Mbeya unaweza kuanza kupunguzwa mahali pamoja ambapo hakuna mkutano wala bajeti: pale upawa unapoingia kwenye sufuria.

Kwa hiyo baba unayesoma haya, kabla hujaagiza kilo na rafiki yako Ijumaa hii, jiulize nyumbani wanakula nini. Mama unayepakua, anza na sahani ndogo. Na wewe unayetumwa bucha, usitaje namba mpaka uwe umehesabu majina. Wapakulieni watoto kwanza. Kilo zitajulikana zenyewe.